Siku Baba Alipokubali Kukaa

Mchezaji wa namba sita hujifunza mapema kwamba hatatajwa sana. Nimecheza mpira wa kulipwa katika ligi za chini, Songea, Sumbawanga, na msimu mmoja Njombe kwenye baridi ya kukata masikio, na katika miaka yote hiyo mtangazaji wa redio alinitaja kwa msisimko mara moja tu, siku nilipoteleza nikakaa kwenye dimbwi. Kazi ya kiungo mkabaji ni kuziba mianya. Timu ikishinda, sifa huenda mbele kwa mshambuliaji; ikifungwa, watu huulizana yule wa katikati alikuwa anafanya nini. Sikuwa na kinyongo. Nilikuwa na udadisi tu, maana mimi ni mtu wa kuuliza tangu utotoni, na marehemu mama alikuwa akisema ipo siku nitamuuliza ng'ombe kwa nini anakula majani. Swali langu la ukubwani lilikuwa moja. Mtu aliyeko pembeni, asiyejua mifumo wala namba, akinitazama mimi tu mchezo mzima, anaona nini?

Niliyetaka anijibu ni mke wangu, na mke wangu alikuwa hajawahi kuniona nikicheza.

Nilipokuwa mbali, hilo lilieleweka. Yeye alibaki huku Rungwe na watoto na shamba letu la chai, na chai haina adabu ya kusubiri. Ukisafiri kidogo, jani linakomaa na kwenye kituo cha kununulia wanalikataa. Wenzangu walikuwa wakirusha video za mechi kwenye simu, lakini anayepiga video hupiga magoli. Mke wangu alizitazama zote kwa uvumilivu, kisha akanipigia kuniambia ameona kisigino, na anadhani kilikuwa changu.

Kisha nikarudi nyumbani. Umri ulikuwa umesogea, goti la kulia lilikuwa limeanza kunisumbua kila asubuhi, na timu moja ya ligi ya mkoa huku kwetu ilitaka mtu mzima wa kuwatuliza vijana wake. Uwanja wetu uko nje kidogo ya mji wa Tukuyu, kama unaelekea Nkunga. Upande wa juu kuna barabara na kanisa. Upande wa chini mstari unapakana na mashamba ya chai, na mpira ukitoka huko mchezo unasimama mpaka mtu aupate kwenye vichaka. Ukiwa jikoni kwetu unasikia filimbi ya mwamuzi. Nilijiambia kwamba sasa ataniona mpaka achoke. Nilikuwa nimesahau kwamba uwanja ule una baba yangu.

Hapa lazima niwaeleze wasio wa huku. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa. Siku hizi familia nyingi zimelegeza: mkwe anapiga magoti kwa mbali, anasalimia, maisha yanaendelea. Lakini mke wangu alilelewa na bibi yake kule Kisiba, na bibi yule hakulegeza kitu. Tangu tuoane, yeye na baba hawajawahi kukaa chumba kimoja. Baba akija kwetu huanza kukohoa tangu kwenye kona ya migomba, kikohozi cha mtu mwenye afya njema kabisa, na mke wangu hutokea mlango wa nyuma. Wakikaribia kugongana njiani, mmoja huingia kwenye shamba la watu mpaka mwenzake apite.

Na bado wanapendana, kwa namna iliyonishangaza nilipoitazama vizuri. Tangu mama afariki, sahani ya kwanza ya ndizi inayotoka jikoni kwetu ni ya baba, nami ndiye mbebaji. Baba akikamua, chupa ya kwanza ya maziwa huiacha kwenye kisiki nyuma ya nyumba yetu, anakohoa, anaondoka. Mke wangu anajua baba hapendi chumvi nyingi, anajua siku gani kiuno kinamuuma, anajua mwendo wake usiku na mchana kwa kishindo cha fimbo. Sura yake anaijua kwa picha.

Sasa mzee angekuwa na mahali pake pa kukaa uwanjani, tungejipanga. Watazamaji wengine wote wana mahali: wenye bodaboda upande wa barabara, akina mama wauza karanga upande wa chai, walevi nyuma ya goli ambako wanaweza kumtukana kipa kwa karibu. Baba yangu hutembea. Mwamuzi akipuliza filimbi, yeye huanza kuuzunguka uwanja, koti refu, fimbo mkononi, mara aende na mpira, mara ageuke arudi, upande wa kanisa, nyuma ya goli, upande wa chai, mpaka mchezo uishe. Watu walishazoea, na washika vibendera walikuwa wanampisha. Nilimuuliza zaidi ya mara moja kwa nini hakai kama wazee wenzake. Akanijibu kwamba akikaa miguu inaganda. Kwa hiyo hapakuwa na upande salama kwa mke wangu, maana pande zote zilikuwa za baba, kwa zamu.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa sekondari, amehamishiwa huku kutoka Shinyanga. Nilimweleza shida yangu siku moja baada ya mazoezi. Alisikiliza mpaka mwisho, akashauri mke wangu avae miwani ya jua. Nikamwambia haitoshi. Akafikiri tena, akasema basi mzee ndiye avae. Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani na shida yangu ikiwa nzima.

Mke wangu alikuwa na njia yake. Siku za mechi alichuma chai kwenye mistari ya mwisho ya shamba letu, nyuma ya kilima, ambako huoni kitu ila unasikia kila kitu. Jioni yeye ndiye aliyekuwa akinisimulia mchezo. Alijua tulikoswa bao mapema, alijua kipa wetu amedaka penalti, alijua mwamuzi amefanya jambo la ovyo kipindi cha pili. Nikamuuliza anajuaje ni wakati gani mimi nina mpira. Alikuwa akimenya ndizi, na hakuinua kichwa.

"Wewe ukiwa na mpira, watu wanaongea mambo yao."

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Yaliniuma kidogo, sitaficha, na papo hapo yalinifurahisha, kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Mpira ukifika kwangu, hatari moja imekwisha na nyingine haijaanza. Huo ndio wakati mtazamaji anapata nafasi ya kumuuliza jirani yake ng'ombe amezaa nini. Nilianza kusikiliza nikiwa uwanjani, na kweli, kila nilipotuliza mpira nilisikia mazungumzo ya watu yakipanda kutoka pembeni kama ya watu waliotoka ibadani. Nikawa natamani zaidi kujua angeona nini mtu huyu, ambaye bila kuona tu ameweza kunijua kiasi hicho.

Halafu goti likavimba. Daktari wa hospitalini alilibonyeza huku na huku, akasema kama ni lazima nimalize msimu uliobaki, lakini baada ya hapo nitundike daruga, asinisikie tena uwanjani. Nilimpa mke wangu habari hiyo jikoni. Akapunguza moto kwa kuchomoa kuni moja.

"Basi utaacha," akasema, "na mimi sijakuona."

Hakuwahi kusema hivyo kabla. Miaka yote nilidhani shauku ni ya kwangu peke yangu, yeye ananivumilia tu. Kuanzia siku ile nilikuwa na jambo moja kichwani: ataniona kabla sijaacha, au hataniona maisha yetu yote. Mtu anaweza kusema ningemchezea peke yake, asubuhi moja, uwanja ukiwa mtupu. Mshambuliaji anaweza; ataweka mpira, atapiga, wavu utacheza. Mimi nikiwa peke yangu na mpira ni mtu mzima anayesubiri wenzake.

Mechi za nyumbani zilikuwa zimebaki mbili. Ya kwanza iliangukia siku ambayo baba alikuwa na msiba wa rafiki yake, na alisema wazi kwamba hatawahi mchezo. Nikampelekea mke wangu habari hiyo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Alikuja. Nilimwona nikiwa napasha misuli, amekaa upande wa chai karibu na wauza karanga, kanga imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi, na nilijisikia kama kijana anayefanyiwa majaribio. Filimbi ikapulizwa. Tulikuwa hatujacheza hata robo ya kipindi nilipoona lile koti refu likitokeza nyuma ya goli, linakuja na kona ya chini. Mazishi yalikuwa yameahirishwa. Ndugu wa Dar walikuwa bado wako njiani.

Mke wangu alimwona baba kabla baba hajamwona. Aliinuka, akaruka mstari wa kwanza wa chai, akazama. Wanawake wenzake walidhani kaona nyoka, wakainuka nao. Baba alisimama. Alimwona mwanamke akizama kwenye chai, na hakuhitaji kuuliza ni nani, maana katika wilaya nzima hakuna mwanamke mwingine wa kumkimbia yeye. Akakohoa, kwa kuchelewa, akageuka na kuondoka haraka kuelekea nyumbani ili mkwe wake apate kutoka. Lakini mke wangu aliposikia kikohozi alidhani mzee anakaribia, akaingia ndani zaidi, akachuchumaa huko kwenye unyevu mpaka filimbi ya mwisho. Mimi nilikuwa katikati ya uwanja natazama pande zote. Kipindi cha pili nilicheza vizuri kuliko mchezo wowote wa msimu ule, na hapakuwa na mtu wangu hata mmoja pembeni.

Jioni nilikuwa mpelekaji habari. Mke wangu, sketi imejaa matope, alisema amemfukuza mzee uwanjani, na yeye hatakwenda tena. Baba alisema amemtumbukiza mkwe wake kwenye matope, na kwamba mechi ya mwisho yeye atabaki nyumbani ili mkwe aje. Nikaenda kwa mke wangu na neno hilo. Akakataa katakata, mwanamke gani huyo anayemzuia mzee asione mchezo wa mwisho wa mwanawe? Siku hiyo atakwenda zake sokoni Tukuyu, ili mzee ajue yuko mbali. Nikarudi kwa baba. Baba akasema kama ni hivyo na yeye atakwenda sokoni. Nikaona wazi kwamba nitastaafu mpira huku watu wangu wawili wakiwa sokoni, wanakimbiana kati ya mafungu ya nyanya. Nilikasirika. Nilimwambia baba kwamba heshima yao wote wawili inanikosesha mimi kila kitu, na hilo sikulisema kwa sauti ya chini.

 Kesho yake baba alimwita dada yake. Shangazi ni mtu wa kuzungumza na wote wawili bila kuvunja mwiko wowote, na ni mtu asiyependa maneno mengi kabla ya kula. Alikula, akaja kwetu akamsikiliza mke wangu jikoni, akarudi kwa baba, nami nyuma yake. Akatoa hukumu akiwa bado amesimama mlangoni. Uwanja ni mpana kuliko kijito kinachotenga nyumba yetu na ya baba. Mkwe atakaa upande wa chai, baba atakaa upande wa kanisa. Kwa umbali huo hakuna aliyekutana na mtu. Lakini baba akae. Asitembee.

Baba alitazama chini, kwenye ncha ya fimbo yake.

"Nikikaa, sitamwona," akasema. Alikuwa akisema na dada yake, ila akanielekezea mimi fimbo. "Yule wa kufunga, ukimsubiri golini atakuja. Huyu hana mahali. Mpila ukienda huku yuko huku, ukienda kule yuko kule. Ukitaka kumwona, umfuate."

 Makocha wamenieleza kazi yangu kwa kalamu na ubao, wala hakuna aliyeieleza vizuri kama alivyoieleza mzee yule, ambaye nilimwuliza miaka yote akanitajia miguu kuganda. Nilitamani kumwambia basi usikae, tembea. Shangazi alinitangulia. Akamwambia kaka yake kwamba ataona atakachojaliwa, na mkwe naye aone.

"Ndaga," baba akajibu, yaani ahsante, kwa sauti ya mtu aliyepewa kitu, na hali alikuwa amenyang'anywa.

Siku ya mechi ya mwisho ilinyesha tangu asubuhi, mvua yetu ile ya Rungwe isiyo na haraka. Shangazi aliazima kiti cha plastiki kanisani, akakiweka upande wa juu, sawasawa na mstari wa kati, baba akakaa na fimbo yake kati ya magoti. Upande wa chini, mke wangu alikaa kati ya wauza karanga. Kwa mara ya kwanza walikuwa mahali pamoja, na katikati yao kulikuwa na watu ishirini na wawili na mpira.

Nilicheza kwa wasiwasi. Mpira ukienda upande wa kanisa nilijikuta nachelewa kurudi, ili baba anione. Halafu nilikumbuka upande wa pili nikakimbilia chai, ambako sikuwa na kazi. Kocha alinipigia kelele nikae katikati. Alikuwa sahihi. Kipindi cha pili nilitulia, nikaacha kuwatafuta, nikafanya kazi yangu ya siku zote: kuziba, kupokea, kutoa, kuziba tena. Kufikia hapo jezi zetu na za wapinzani zilikuwa rangi moja ya udongo. Tulitoka sare bila kufungana, na watu wakaondoka wakisema mchezo ulikuwa mbovu. Wenzangu walinipigia makofi kidogo. Sikulia, ingawa nilidhani ningelia. Nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani kuuliza.

Mke wangu alikuwa ametangulia na maji ya moto yalikuwa tayari. Sikuoga. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni na matope yangu, nikamwambia anieleze, asinifiche, ameona nini. Akacheka kwa aibu.

"Mvua ile? Matope yale? Wote mlikuwa mtu mmoja. Nilikupoteza mapema tu."

Nilihisi baridi ambayo sikuihisi uwanjani. Yeye akaendelea kukoroga chungu, kisha akapunguza sauti.

"Nikamtazama baba," akasema. "Nilidhani anasimama kunyoosha miguu. Anashika kiti, anajivuta na fimbo, anasimama wima kabisa. Kisha anakaa. Halafu tena. Nikatazama mpira uko wapi, nikakuta uko kwako. Ukiutoa, anakaa. Ukirudi kwako, anasimama. Basi sikuhangaika kukutafuta. Nilimtazama yeye, akisimama nakuona."

Akaniuliza kama amekosea kumtazama baba mkwe muda mrefu vile. Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua, wala sikuwa nafikiria hilo. Nilikuwa nafikiria kwamba mtu mwenye mpira miguuni hawezi kutazama pembeni. Ningecheza miaka mingine mingi, Songea, Sumbawanga au hapa nyumbani, na jambo lile nisingeliona, kwa sababu lilitokea tu wakati macho yangu yako kazini. Nikafikiria pia kwamba namba sita hugusa mpira mara nyingi kuliko mtu yeyote uwanjani. Mzee wa kiuno kile, kwenye kiti cha plastiki, mvuani.

Asubuhi nilimpelekea sahani yake. Nilimkuta kwenye kigoda kando ya moto, mgongo umepinda, akasema ni baridi ya jana. Aliuliza kama mkwe alifika. Nikasema alifika. Akauliza kama aliniona.

"Aliniona, tata. Mchezo wote."

Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akashika fimbo ajaribu kuinuka apokee sahani, kiuno kikakataa, akajaribu tena.

"Kaa tu, tata," nikamwambia. "Leo sina mpira."

Alinitazama, akaelewa, akatupa jicho upande wa nyumba yangu. Akakaa, akapokea sahani yake kwa mikono miwili.